Same, Mji wa Watu Wanaodai

Wengi wanaoijua Same wanaijua kupitia dirisha la basi. Ukitoka Tanga kwenda Arusha, milima inakuandama mkono wa kulia tangu Korogwe. Unaipita Mombo, Mkomazi, Hedaru na Makanya, na mkono wa kushoto ni tambarare ya miiba, mibuyu na mkonge. Same basi linasimama kidogo. Wachuuzi wanainua mabeseni ya ndizi, machungwa na mayai ya kuchemsha mpaka usawa wa kioo. Upepo unapiga, vumbi linaingia, mtu anafunga dirisha. Mkishaondoka, abiria mmoja wa viti vya nyuma anaanza ule utani unaojulikana nchi nzima, kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Watu wanacheka, gari linashika njia ya Mwanga, na habari ya Same imekwisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, na njia hiyo nimeipita tangu utotoni. Kilichonishusha Same ni msiba. Mfanyakazi mwenzangu alifiwa na baba yake, na mazishi yakapangwa Mbaga, juu kwenye safu ya Pare Kusini. Ofisini tukachanga, tukateuliwa wachache wa kumsindikiza. Nilikaa siku chache tu, nyingine mjini na nyingine mlimani, nikarudi kazini nikiwa nimeupenda mji ule kuliko miji niliyopanga vyumba na kuishi miaka. Nimelifikiria sana jambo hili. Kuna miji inayopendwa kwa bahari yake au kwa majengo yake. Same niliipenda kwa sababu nilifika wakati watu wake wanagombana, nikakaa nikasikia walichokuwa wanakigombania.

Niseme kwanza mji ulivyokaa. Safu ya Pare imekatika mahali pamoja. Kaskazini iko milima ya Usangi na Ugweno, katika Wilaya ya Mwanga. Kusini iko mirefu zaidi, inayofika mita 2,462 kwenye kilele cha Shengena, ndani ya msitu wa Chome. Same imekaa karibu na pengo hilo, na upepo unaopita hapo haupumziki. Mvua nayo inaishia juu. Jioni utaona mawingu yamelala mlimani, meusi, yamejaa, nawe huku chini umesimama kwenye vumbi unangoja tone ambalo halitashuka.

Kwa hiyo vingi vinavyouzwa sokoni vimetoka mahali pengine. Ndizi, maharage na magimbi yameshuka mlimani. Tangawizi imetoka Mamba Miamba. Mchele umetoka Ndungu, upande wa mashariki wa milima, penye skimu kubwa ya umwagiliaji. Wamasai wanakuja na mifugo kutoka tambarare. Ofisi ya wilaya iko hapa, na mahakama ya wilaya, na makao ya maaskofu, wa Kilutheri na wa Kikatoliki. Same ni ua wa nyumba kubwa ya Upareni: ndipo vitu vinapoanikwa, ndipo mgeni anapopokewa, na ugomvi ukizuka kila mtu anausikia.

Tulifika usiku, tukapokewa kwa shangazi yake mwenzangu, upande wa Stesheni, karibu na reli ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga kwenda Moshi. Alikuwa amefiwa na kaka, macho yamevimba, lakini kabla hata hatujaketi alinionyesha maji. "Mwanangu, ya kuoga ni haya ya pipa la bluu. Ya kunywa yako ndani, kwenye mtungi. Yakikupungukia sema. Hapa kwetu mtu akinyamaza tunajua ameridhika."

Asubuhi niliamka nikamkuta uani na kijana wa mkokoteni wa maji. Kijana alisema ameteremsha madumu aliyoagizwa, shangazi akasema moja limepungua. Hakupaza sauti wala hakumtukana. Alimshika mkono wakaenda wakayahesabu pamoja, moja moja, wakigusa kila mfuniko, mpaka kijana mwenyewe akakiri, akarudi barabarani kulileta lililobaki. Aliporudi alikuta chai imemiminwa, ina tangawizi ya kuwasha koo, na kipande cha muhogo pembeni. Akaketi akanywa. Waliongea habari za mama yake anayeumwa mgongo. Nilikulia mahali ambapo mtu ukimdai kitu kidogo umemvunjia heshima, na ukinyamaza unakuwa muungwana. Pale uani niliona mtu anadaiwa dumu moja la maji na heshima yake iko palepale, tena imeongezeka, kwa kuwa aliyemdai alimchukulia kuwa mtu wa kuhesabu naye.

Mwili uliondoka mjini asubuhi hiyo. Njia inapita Mwembe, kisha inaanza kupanda, na kila kona tambarare inazidi kushuka chini yako. Miiba inakwisha, inaanza migomba, kahawa, miti ya matunda, nyumba zenye paa la bati zilizoshikilia miteremko mikali. Hewa inapoa. Watu waliokuwa njiani walisimama, wanaume wakavua kofia, gari likapita.

Nilidhani mazishi yamekwishapangwa. Kumbe siku yenyewe ilikuwa bado inabishaniwa. Marehemu alikuwa Mlutheri na mjane wake Msabato, jambo la kawaida kabisa Pare Kusini. Mbaga ni kituo cha zamani cha Misheni ya Leipzig. Mchungaji Jakob Dannholz aliishi pale mwanzoni mwa karne iliyopita na akaandika habari za mila za Wapare. Wasabato nao walianza kazi yao nchini Tanzania mwaka 1903 katika milima hiihii, pale Giti, upande wa Mamba. Basi familia moja ina sabato mbili. Wakwe walisema Jumamosi haiwezekani, upande wa pili wakasema Jumapili kuna ibada, na wengine wana kazi Dar es Salaam siku inayofuata. Waliongea mpaka kila aliyetaka kusema amesema, na tukazika Ijumaa, mapema, ili jua lisituzamie makaburini. Kaburi lilichimbwa kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba. Tulilishwa makande kutoka kwenye sufuria zilizohitaji watu wawili kuzinyanyua, na waliopika na waliochimba hawakulipwa na mtu.

Baada ya siku ya mapumziko ya hawa na siku ya ibada ya wale, baba mdogo wa mwenzangu aliniita. "Mgeni, njoo uone kazi aliyoiacha kaka yangu." Tukapanda njia nyembamba mpaka kwenye ndiva.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu bila ndiva huwezi kuielewa milima hii wala mji ulio chini yake. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, kando ya kijito au chini ya chemchemi. Usiku kucha maji ya mfereji yanaingia humo yanatulia. Alfajiri tundu linazibuliwa, na maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu, yanafuata mfereji wa chini mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Siri iko kwenye ile nguvu. Kijito chenyewe ni chembamba, na kikiachwa kitiririke mchana kutwa, udongo mkavu utakinywa kabla hakijafika shamba la tatu. Kikilazwa usiku na kuachiliwa kwa pamoja, kinafika mbali. Wapare wamekuwa wakifanya hivi tangu enzi za koo zao, kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza, na ziko ndiva zenye majina ya koo zilizozichimba.

Lakini maji ya pamoja yanadai kazi ya pamoja. Matope yanajaa, ukingo unabomoka, mfereji unaziba kwa majani. Hapo inapigwa mbiu ya msaragambo, na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa faini. Na maji yenyewe yana ratiba: nani leo, nani kesho, nani mwenye mboga changa zisizoweza kungoja, nani alipewa ziada wiki iliyopita na sasa anadaiwa. Marehemu tuliyemzika ndiye aliyekuwa mshika ratiba hiyo kwa miaka mingi. Baba mdogo alinionyesha daftari lake, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, kurasa zimevimba kwa unyevu. Kila zamu imeandikwa, na kila malalamiko yameandikwa, na uamuzi wake.

Watu walikuwa wameshakusanyika ukingoni. Nilifikiri ni kikao cha kumkumbuka mzee. Walimkumbuka, kwa sala fupi, kisha mama mmoja akasimama akasema ana shauri. Wakati kijiji kizima kiko msibani, mtu alizibua ndiva alfajiri akapeleka maji kwenye nyanya zake, na zamu ilikuwa ya huyu mama. Alimtaja jina, na mtajwa alikuwa amekaa pale pale. Yule bwana alijibu kwamba nyanya zilikuwa zinakauka, na kwamba mwenye zamu alikuwa jikoni anawapikia wafiwa, asingeweza kuyatumia maji siku hiyo. Hoja yake haikuwa mbaya. Mama akajibu: "Ningeweza kumtuma mwanangu. Ningeweza pia kukupa, ungekuja kuniomba. Hukuniomba."

Nilijikunyata. Mzee hajamaliza hata wiki kaburini! Nilimtazama baba mdogo nikitegemea awanyamazishe, naye alikuwa ametulia kabisa, ametega sikio, na uso wake ulikuwa na kitu karibu na furaha. Aliniambia baadaye kwamba ile ndiyo ilikuwa taabini ya kaka yake. Kama wangeacha zamu ya mama yule ipotee kwa sababu ya msiba, kazi ya maisha ya marehemu ingezikwa pamoja naye. Waliamua kabla jua halijawa kali: bwana wa nyanya alipe faini kwa mujibu wa kanuni zao, na zamu yake ijayo aichukue mama. Akakubali. Waliteremka njia moja, yeye akiwa amembebea mama kikapu.

Niliporudi Same mjini nilikuwa na macho mengine. Jirani yake shangazi ni mwalimu mstaafu, na jioni tulikaa barazani kwake, shali zimefungwa kwa ajili ya upepo. Nilimsimulia niliyoyaona ndivani. Akanyoosha mkono kuelekea upande wa ofisi ya wilaya, akaniuliza kama ninajua nini kilitokea Same mwaka 1945.

Sikuwa najua, na tangu siku hiyo nimesoma nilichokipata. Serikali ya Waingereza, kwa kupitia machifu wa Upare, ilikuwa imeanzisha kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya mtu, juu ya kodi ya kichwa waliyokwisha kuizoea. Wakaipa jina la mbiru, wakidai inafuata desturi ya kale. Watu wakasema desturi hiyo wanaijua, na hii siyo. Wakateremka kutoka milima yote, kaskazini na kusini, kwa maelfu, wakaja kukaa Same, makao makuu ya wilaya. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Walisema kodi ya kichwa watailipa, mbiru hawailipi, na wanataka Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, awajibu. Kisha wakakaa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Waliochoka wakarudi mashambani, wengine wakaja kushika nafasi zao. Huko Usangi wanawake nao waliandamana wakamkabili ofisa wa Kiingereza, wakamwambia kwamba kwa kuwa amewazuia waume zao huko Same, basi yeye mwenyewe awape mimba. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Isaria Kimambo, mwanahistoria mkubwa aliyeifanya historia ya Wapare kuwa kazi yake, aliandika kijitabu kizima kuhusu mgomo huo mwaka 1971, na kwa heshima iliyostahili akakiita Mbiru.

Nilipomsikia mwalimu akisimulia, kilichonigusa zaidi ni ile habari ya kupokezana. Hawa walikuwa watu wa ndiva. Walijua kungoja kwa zamu, walijua kuacha nafasi na kuirudia, walijua kwamba kitu chembamba kikikusanywa pamoja kinafika mbali. Walifanya mbele ya ofisi ya Mwingereza kile walichokuwa wakikifanya kila alfajiri kwenye bwawa.

Na hapo ndipo ule utani wa basi ulipokoma kunichekesha. Anayecheka anapima bei ya kuku na bei ya ng'ombe, na kwa hesabu hiyo kweli Mpare amepoteza. Lakini mahali ambapo maji hayatoshi, dogo linaloachwa lipite leo ndilo sheria ya kesho. Mwenye nyanya akisamehewa kimya kimya, wiki ijayo zamu haina maana, na mwaka ujao ndiva haina wa kuizibua matope. Anayedai kuku anailinda ratiba ya jirani zake wote. Sisi wa pwani tunasifu subira, na subira ni jambo jema. Lakini nimeona watu wengi wakiita subira kile ambacho kwa kweli ni kuogopa kutazamana usoni na mwenye nguvu.

Sitaki kuwapamba. Kudai hakuleti haki kila mara, na Same yenyewe ni shahidi. Upande wa mashariki wa mji kuna Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na baadaye kupandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Leo ni mahali pa kuhifadhia faru weusi na mbwa mwitu, inapakana na Tsavo ya Kenya, na ukisimama Mbaga unaiona imetandazwa chini yako mpaka macho yanachoka. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakichunga humo waliondolewa. Walikwenda mahakamani, wakapanda ngazi zote, na Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu mwaka 1999 hawakurudishiwa ardhi. Ninawapenda faru. Ninaamini watoto wetu wanapaswa kuwakuta. Lakini siwezi tena kulitazama lango la hifadhi bila kukumbuka kwamba kuna watu waliodai kwa njia zote za halali, wakarudi nyumbani bila ardhi yao. Mji unaoupenda sharti uupende na kesi ulizoshindwa.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaoyavuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mji ule ulikuwa umeungoja mradi huo kwa miaka mingi, na nilipokuwa pale wazee walikuwa wakiuzungumzia kila siku, nani aliahidi nini na lini, kwa tarehe. Nilimpigia simu shangazi kumpongeza. Alinishukuru, akaniambia kwamba pipa la bluu hajaliondoa, na kwamba anaandika namba za mita kila mwisho wa mwezi ili bili ikija ajue anachokilipia.

Nimesema nilirudi kazini nikiwa nimeupenda mji, lakini ukweli ni kwamba ule mji haujaniacha, kwa sababu mwenzangu anaendelea kuniletea habari zake. Baba yake aliacha watoto watano. Wanne wako Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Dada yao wa tatu ndiye aliyebaki Mbaga na wazazi, ndiye aliyekwenda msaragambo miaka yote kwa niaba ya nyumba ile. Kaka mkubwa alitaka zamu ya maji ya marehemu iandikwe jina lake, kama mrithi, hata kama shamba atalikodisha. Dada akakataa. Akapeleka shauri kwenye kikao cha ndiva, akalifungua lile daftari la baba yake, akawasomea kila msaragambo ambao jina la nyumba yao liliwekewa alama, na kila mara aliyekuja na jembe alikuwa ni yeye, kwa mwandiko wa baba mwenyewe. Kikao kilimpa zamu. Kaka hakuridhika, amelipeleka jambo kwa wazee wa ukoo, na dada amesema wakimnyima huko atashuka Same, baraza la ardhi la wilaya liko pale.

Mwenzangu yuko upande wa dada yake na amechangia nauli. Kikao cha ukoo kimewekwa Desemba, wakati wote watakapokuwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu, na nimeomba ruhusa ya kwenda kusikiliza.